UZI: Kurekodi voko na ala za muziki, tuache kuisubiri miksi irekebishe kila kitu

Fundi_Maiki (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Humu ndani kila wiki kuna mtu anaomba plagini (programu ndogo ya kuchakata sauti) ya kusafisha voko, yaani sauti ya mwimbaji, mwingine anauliza atumie kompresa (kisawazishi cha sauti kubwa na ndogo) gani ili sauti ya msanii wake ikae juu ya biti. Ukizisikiliza faili wanazoweka, shida haipo kwenye plagini. Voko imeingizwa kwenye chumba kinachovuma, msanii kasimama mbali na maiki, feni inazunguka, geini (nguvu ya kuingiza sauti) imefunguliwa mpaka mwisho. Hapo hakuna cha kusafisha. Kilichoingia kibovu kitatoka kibovu, tena kompresa itakizidisha kwa sababu inapandisha vile vilivyokuwa chini, na kelele ya feni ni mojawapo.

Kinachoniuma zaidi ni ala. Studio zetu nyingi zimepangwa kwa ajili ya mtu mmoja kuimba juu ya biti. Akija mpiga udi, mpiga tumba au mzee mwenye zeze lake, prodyuza anakimbilia sampuli, yaani sauti za ala zilizorekodiwa tayari, za kwenye kompyuta. Wengi wanapenda sana kurekodi ala halisi, ila hawajui maiki waielekeze wapi. Ndiyo maana nafungua uzi huu. Naandika ninachokijua, na wenye ala zao waongezee.

Tuanze na chumba. Sauti ikitoka mdomoni inafika kwenye maiki moja kwa moja, halafu inafika tena baada ya kugonga ukuta, dari na sakafu ya vigae. Ile ya pili ndiyo inayofanya voko isikike kama imeimbwa bafuni, na hakuna programu inayoitoa yote bila kuitafuna sauti yenyewe. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mtetemo mwembamba unafuata nyuma ya kofi, basi kuna kuta mbili zinatazamana na zinarushiana sauti. Tundika blanketi zito au simamisha godoro, na ulisimamishe nyuma ya mgongo wa mwimbaji. Wengi wanaweka kinga nyuma ya maiki tu. Maiki ya kadioidi inasikia mbele na inapunguza ya nyuma yake, kwa hiyo ukuta inaoutazama ni ule ulio nyuma ya msanii. Huo ndio wa kuutuliza kwanza. Kona ziepuke, besi hujaa pale.

Kuhusu maiki, kuna ubishi usioisha wa kondensa na dainamiki. Kondensa inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundikadi (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) na inashika mambo madogo madogo: pumzi, ulimi, kucha kwenye uzi wa gitaa. Dainamiki kama Shure SM58, ambayo ipo sokoni tangu 1966, ni nzito kidogo kuitikia lakini inavumilia sauti kubwa na inamruhusu mwimbaji kuisogelea kabisa. Ukiwa na chumba kibaya, uwezo huo wa kusogelea ndio utakaokusaidia. Sijui nani alieneza kwamba dainamiki haisikii ukuta. Inausikia, ila mdomo ukiwa karibu unaufunika ukuta. Kila ukirudi nyuma umbali mara mbili, sauti ya mdomo inashuka kwa kama desibeli 6, lakini mvumo wa chumba unabaki karibu vilevile. Hesabu hiyo moja inaeleza nusu ya matatizo ya voko.

Kwa kondensa mimi naanzia shubiri moja kutoka mdomoni. Karibu zaidi ya hapo besi ya sauti inapanda. Kuna waimbaji wembamba wa sauti wanaopendezeshwa na hilo, na wengine wanageuka kuwa tope. Halafu kuna upepo. Lugha yetu imejaa "p", na nyimbo zetu zimejaa "mapenzi", "pendo", "pole". Kila "p" inarusha pumzi inayopiga maiki buum. Weka kizuia upepo, hata cha soksi nyembamba ya nailoni iliyovutwa kwenye kiduara cha waya, nusu ya njia kati ya mdomo na maiki. Kisha inua maiki juu ya usawa wa mdomo kidogo, iangalie chini kwenye pua. Upepo wa "p" unapita chini yake, na mwimbaji anainua kidevu.

Geini: usimwambie msanii "sema moja mbili". Mwambie aimbe kiitikio kwa nguvu zake zote, na weka geini hapo ili vilele vifike kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha mita ya kidijitali. Rekodi kwa biti 24 (hii ni mipangilio ya programu ya kurekodi, si biti ya wimbo). Ile tabia ya kujaza mpaka taa nyekundu ilitokana na enzi za utepe, ambapo ukirekodi chini unasikia kelele ya "shhh" ya utepe. Kwenye biti 24 nafasi ni kubwa mno, huna sababu ya kukaribia sifuri. Ikipasuka imepasuka.

Hedifoni ziwe za kufunika sikio, zisizovujisha. Biti ikivuja inaingia kwenye maiki na utaisikia siku utakayotaka kunyamazisha ala na kuacha voko peke yake. Mwimbaji akiteremka chini ya noti, kabla hujamlaumu, punguza sauti ya hedifoni au mwambie aachie sikio moja wazi. Biti ikizidi masikioni, mtu hajisikii tena anapoimba. Mpe riverbu (mwangwi wa kutengenezwa) kidogo kwenye hedifoni ili ajisikie vizuri, lakini isirekodiwe.

Na zima feni. Najua joto la Dar. Zima, rekodi ubeti, washa, pumzikeni, zima tena.

Chipukizi_Mbagala

Mkuu ubarikiwe sana. Mimi nina chumba kimoja hapa home, nimeshaanza kukusanya trei za mayai nibandike ukuta mzima. Zinatosha au niongeze na sponji? Jirani ana kinyozi na redio yake haizimwi.

Fundi_Maiki

Mdogo wangu, trei za mayai ziache. Karatasi ile ni nyepesi, inagusa kidogo tu sauti za juu na kuacha zote za katikati na chini. Matokeo yake chumba kinakuwa kizito na bado kinavuma. Tena ni karatasi kavu, waya ikipiga shoti una moto ukuta mzima.

Kuna mambo mawili hapo na hayafanani. Kutuliza mvumo wa ndani ya chumba kunataka vitu vinene na laini: magodoro, mablanketi, mapazia mazito yenye mikunjo, kabati lililojaa nguo likiwa wazi. Kuzuia redio ya kinyozi kunataka uzito na kuziba mianya: ukuta wa tofali, mlango mzito, mpira kuzunguka fremu ya mlango, dirisha lisilo na nafasi. Sponji haizuii redio hata ukibandika tabaka tatu. Kwa hali yako, ongea na jirani mkubaliane saa, na voko ingiza usiku.

BesiNne

Naunga mkono kuhusu voko. Swali langu ni gitaa. Nikichomeka besi moja kwa moja kwenye saundikadi nasikia noti inachelewa. Napiga, inakuja baadaye. Na je, gitaa la solo la dansi nirekodi kwa waya au niweke maiki kwenye ampu (spika ya gitaa)? Prodyuza mmoja aliniambia waya unatosha, ampu ni mambo ya wazee.

Fundi_Maiki

Kuchelewa kunatokana na bafa. Kompyuta inakusanya sampuli kwanza ndipo inazishughulikia. Sampuli hapa ni vipande vidogo vya sauti. Bafa ya sampuli 1,024 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 23 kwenda tu, bado hazijarudi. Ishushe hadi 128, inakuwa karibu milisekunde 3. Ili ujue ukubwa wake, sauti hewani inatembea kama sentimita 34 kwa milisekunde moja. Kwa hiyo milisekunde 3 ni kama kusimama mita moja kutoka kwenye ampu yako, hakuna mpigaji anayelalamikia hilo. Kompyuta ikianza kukwaruza kwenye 128, zima plagini zote wakati wa kurekodi, zirudishe kwenye miksi pamoja na bafa kubwa. Kama saundikadi yako ina kitufe cha kujisikia moja kwa moja bila kupitia kompyuta, kitumie, shida imeisha.

Ampu ya solo si mambo ya wazee. Lile gitaa la dansi unalolipenda ni spika inayosukuma hewa, na waya hauna hewa. Chukua maiki ya dainamiki kama SM57, isogeze vidole viwili kutoka kwenye kitambaa cha ampu. Sasa fanya hivi: mtu apige mstari uleule kwa kurudia, wewe vaa hedifoni na usogeze maiki taratibu kutoka katikati ya koni kwenda ukingoni. Katikati ni kali, inachoma. Ukielekea ukingoni inalainika mpaka inakuwa nzito. Mahali fulani hapo katikati pana sauti unayoitafuta, na utaijua ukiifikia, hutahitaji ikwalaiza. Kwa besi, rekodi waya na ampu kwa pamoja kwenye treki mbili. Kisha zikuze kwenye skrini uone kama mawimbi yanapanda pamoja. Maiki iko mbali kidogo, itachelewa nywele moja. Isogeze treki yake kwenye skrini mpaka zilingane, la sivyo zitakulana na besi itabaki nyembamba.

Na badilisha nyuzi kabla ya siku ya kurekodi. Besi unaweza kuziacha kama unapenda ule mdundo uliozibika, lakini solo na rithimu badilisha.

Ganuni_Malindi

Assalaam aleikum jamaa. Mimi niko Unguja, napiga ganuni (ala bapa ya nyuzi nyingi), na mambo ya taarab nimekulia ndani yake. Nimefurahi mtu kataja ala, maana studio nyingi za mjini nikiingia naulizwa kama naweza kupiga "kitu kama hicho" kwenye kibodi.

Wanaotaka kurekodi ganuni wajue kwanza muda. Ala ina nyuzi tatu tatu kwa kila noti, na ya kawaida inapita nyuzi sabini. Kuitia sauti pekee kunakula muda mrefu, na ikitoka juani ikaingia kwenye chumba chenye kiyoyozi inahama yote. Mwiteni mpigaji mapema, aiweke ala ndani ya chumba kilekile, itulie, ndipo atie sauti. Halafu maiki. Upande wa daraja, daraja linakaa juu ya vipande vya ngozi, na hapo pana mlio mkavu wenye mdundo. Upande wa pili kuna vile vijipini vya chuma vya kupandisha na kushusha noti, mpigaji anavigeuza katikati ya wimbo na vinalia tak, tak. Ukiweka kondensa juu ya vijipini utarekodi tak tak. Iweke juu ya katikati ya nyuzi, kama mkono mmoja kwenda juu, ielekee upande wa daraja. Nzuri zaidi ni maiki mbili, moja upande wa nyuzi nene na moja upande wa nyembamba.

Udi watu wanauelekeza maiki kwenye tundu, wanapata boo boo. Sogezeni pale shingo inapokutana na tumbo, shubiri moja na nusu hivi. Risha (kipigio cha nyuzi) inasikika, na tumbo la udi linasikika.

Sasa, naomba nipingane na mleta uzi. Kurekodi mmoja mmoja juu ya metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kunaua taarab. Fidla wanavuta, akodioni inajibu, mwimbaji anachelewesha makusudi, nasi tunamsubiri. Hiyo metronomu inamsubiri nani? Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hapakuwa na kitu kinachoitwa treki. Aliimba na wapigaji wake pamoja, wakati uleule. Ukiwa na sauti kubwa unakaa nyuma, ukiwa na ndogo unasogea mbele. Miksi ilikuwa ni viti.

Fundi_Maiki

Waaleikum salaam mwalimu. Hapo hatupingani sana, maana mimi sijasema wote warekodi mmoja mmoja. Ila tukubaliane kuhusu gharama yake. Wakipiga pamoja, fidla inaingia kwenye maiki ya ganuni na dumbaki (ngoma ya taarab) inaingia kote. Mmoja akikosea, wote wanarudia. Linawezekana kwa kundi lililofanya mazoezi na chumba chenye ukubwa. Kwa kijana mwenye chumba cha mita tatu kwa tatu, kukusanya watu wanane hakuwezekani.

Kwa wanaotaka kujaribu: maiki mbili zinazosikiliza ala mbili jirani, umbali kati ya maiki na maiki uwe walau mara tatu ya umbali wa maiki na ala yake. Maiki iko sentimita 30 kutoka kwenye udi, ya jirani iwe sentimita 90 au zaidi. Na tumieni mgongo wa kadioidi, uelekezeni kwenye ala yenye kelele.

BesiNne

Mwalimu wa Malindi kasema kweli. Zile kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam za kina NUTA Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi iliingia studio ikapiga wimbo kama jukwaani. Sikilizeni magitaa yanavyopishana, solo anaacha nafasi kwa sababu anamuona mwenzake anaingia. Leo solo anarekodi Jumatatu, rithimu Alhamisi, hawajakutana kabisa. Kila mtu anajaza nafasi yote kwa sababu hajui mwenzake atapiga nini.

Kwa bendi yetu tunafanya njia ya kati. Dramu, besi na rithimu wanapiga pamoja chumba kimoja, ampu ya rithimu tunaifungia chumbani kwingine kwa waya mrefu. Mwimbaji anaimba nao kwa kuongoza tu. Voko na solo na tarumbeta zinafuata baadaye. Mapigo yanabaki ya watu, na voko inabaki safi.

Kinubi254

Sasa wakuu, salamu kutoka Kisumu. Mimi hurekodi wazee wa nyatiti, kinubi cha Waluo, na hapa ndipo maproducer wengi hupotea. Wanaona ni chombo cha nyuzi nane, wanaweka maiki moja kwa nyuzi, wanamaliza. Lakini mpigaji ana pete ya chuma kwa kidole kikubwa cha mguu, oduong'o, anaigonga kwa mbao ya nyatiti, na ana njuga mguuni. Hiyo ndiyo dramu yake! Ukiikosa, umerekodi nusu ya mtu.

Mimi huweka tatu. Moja kondensa kwa ngozi ya kisanduku, lakini pembeni kidogo, kwa sababu katikati ya ngozi huvuma sana. Ya pili dainamiki chini kwa pete, karibu na sakafu. Ya tatu ya sauti yake, maana huimba akipiga, na usimwambie aimbe baadaye, hataweza na hapaswi. Kiti chake kiwe kile alichozoea, cha chini. Ukimpa kiti cha ofisi mguu unakosa pembe na pete inagonga vibaya. Weka mkeka chini, si simiti tupu. Alafu geuza kile kitufe cha fezi (kinachopindua wimbi la sauti) kwa maiki ya pete, usikilize kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiunganishwa: upande wenye mdundo mnono ndio sawa.

Fundi_Maiki

Hii ya kiti ni dhahabu kaka. Nashukuru sana. Hilo la mono pia wadau walizingatie. Ukishakuwa na maiki zaidi ya moja kwenye ala moja, sikiliza kwa mono kabla mtu hajaondoka. Kinachopotea kwenye mono kitapotea kwenye simu ya msikilizaji na spika ya bodaboda.

Niongeze ngoma za kuwamba kwa ngozi. Msondo, chapuo na ndugu zake hupashwa moto ili ngozi ikaze, na wakati wa masika hewa ikiwa na unyevu inalegea katikati ya kazi. Rekodini noti ya kwanza ya ngoma mwanzoni kabisa, na kabla ya kila kurudia linganisheni nayo. Vinginevyo ubeti wa pili utakuwa na ngoma nyingine. Moto uwe nje ya studio, na apewe mpigaji muda wa kutoka.

MwanaKwaya_Moro

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Sisi ni kwaya, tupo kama thelathini. Tulikwenda studio fulani tukaingizwa wanne wanne, kila sauti peke yake, tukatoka hatujijui. Tunataka kurekodi kanisani kwetu. Bati, sakafu ya simiti, mvumo mrefu. Tuna maiki nne tu na saundikadi ya njia mbili. Inawezekana?

Fundi_Maiki

Amina dada. Inawezekana, na kwa kwaya ya watu thelathini kanisa ni bora kuliko studio ndogo. Mvumo mrefu ambao kwenye voko ya mtu mmoja ni adui, kwa kwaya unaunganisha sauti.

Saundikadi ya njia mbili inatosha kwa maiki mbili, kwa hiyo hizo mbili nyingine ziwekeni pembeni. Chagueni kondensa mbili za aina moja. Zifungeni kwenye stendi moja ndefu, vichwa viachane sentimita 17, na kila kimoja kigeuke nje mpaka pembe kati yao ifike nyuzi 110. Huo ni mpangilio wa redio ya Ufaransa, ORTF, na unatoa upana mzuri wa kushoto na kulia. Stendi ipande juu ya kichwa cha mwalimu wenu na nyuma yake kidogo, maiki ziangalie mstari wa katikati.

Kisha mjipange nusu duara. Hapa ndipo kazi ilipo. Rekodini ubeti mmoja, sikilizeni na mwalimu, halafu sogezeni watu. Sauti ya nne ikipotea, ileteni mbele hatua moja. Kuna dada wa sauti ya kwanza anayesikika peke yake kila mahali, yupo kila kwaya. Arudi mstari wa nyuma, aelekee pembeni kidogo. Alichosema mwalimu wa Malindi kuhusu viti ndiyo hii. Msijaribu kurekebisha kwa kompyuta, treki zenu ni mbili tu na kila mtu yumo ndani yake.

Kinanda kama ni cha umeme, spika yake iwe ndogo na ielekee kwaya, isitazame maiki. Mkalisikilize kanisa saa kadhaa kabla ya kuchagua muda: daladala, shule jirani, kuku, jua linapopasha bati linaanza kulia tiki tiki. Alfajiri au usiku ndiyo salama. Mvua ikianza juu ya bati, simamisheni.

MwanaKwaya_Moro

Asante sana. Na umeme ukikatika katikati?

Fundi_Maiki

Tumieni laptopu yenye betri iliyojaa na saundikadi inayokula umeme wa USB, mtamaliza hata gizani. Tena ukichomoa chaja mara nyingi ule mngurumo wa hezi 50 unaondoka papo hapo, kwa hiyo mimi nawashauri mrekodi bila chaja tangu mwanzo. Hifadhini kila wimbo ukimalizika, na nakala iende kwenye diski ya pili kabla hamjafungua stendi.

Chipukizi_Mbagala

Trei nimempelekea mama wa chipsi. Nimeweka godoro nyuma ya mgongo kama ulivyosema na maiki nimeipandisha iangalie puani. Nikitaka kukutumia voko unisikilizie nitume vipi? WhatsApp inakubali?

Fundi_Maiki

Safi sana. Usitume kama ujumbe wa sauti, unabanwa mpaka unapoteza sauti za juu. Toa WAV ya biti 24, bila riverbu, bila kompresa, ianzie sifuri ya wimbo hata kama ubeti wako unaanza dakika ya pili, ili nikiiweka kwenye biti ikae mahali pake. Biti nayo itume faili lake peke yake. Pakia kwenye Google Drive, niwekee linki PM (ujumbe wa faragha). Na usifute zile ulizokosea, nataka kuzisikia zote.